Lubaba Mchoma Chokaa na Ahadi ya Kungoja

Wametusimulia waliotutangulia katika kheri kwamba mjini Wasiti aliishi mjane mchamungu, Lubaba, mchoma chokaa. Fundi mkuu wa majengo, Shaibani, alimwajiri apake chokaa nyumba ya tajiri mmoja. Kazi ikaisha, kuta zikang'aa kama maziwa. Tajiri akahamia Shamu bila ya kumlipa mtu.

Lubaba akangoja miezi minne. Mwuza kuni aliyemkopesha akaapa kwamba mwezi ukiandama atachukua tanuri lake la kuchomea chokaa, na tanuri hilo ndilo lililolisha binti zake watatu. Ndipo akamwendea Shaibani.

"Mama, nami nimedhulumiwa," akasema fundi. "Tulipatana nikilipwa nikulipe. Sijalipwa. Mfuate tajiri Shamu."

"Simjui huyo. Aliyekuja tanurini kwangu akikohoa moshi ni wewe."

"Basi kanishitaki!"

"Nakwenda, fundi. Nawe usichelewe."

Mlangoni kwa kadhi, jirani yake mmoja akamnong'oneza: "Kana tu mapatano hayo, shoga. Fundi hana shahidi."

"Niwalishe wanangu uongo? Afadhali walale njaa."

Kadhi akamwuliza kwa upole: "Ewe mja wa Mungu, ulikubali kungoja mpaka fundi alipwe? Ukikana, kiapo chako kinatosha."

Lubaba akalifikiria tanuri lake. "Nilikubali, kadhi."

Watu wakaguna: amejichongea mwenyewe! Shaibani akainua uso kwa mshangao.

"Lakini nilikubali kungoja," akaendelea, na sauti ikapanda, "sikukubali kupoteza! Nami nina wanawake wawili wanaonichochea moto tanurini. Siku kazi ilipoisha niliuza bangili aliyoniachia marehemu mume wangu, nikawalipa. Sikuwaambia wamfuate Shaibani. Hata nikifungwa leo, kesho nitasema haya haya."

Kadhi akasema: "Kungoja kuna mwisho wake. Aliyemchagua tajiri ni fundi, na hasara ya tajiri ni ya fundi. Mlipe."

Shaibani akainama. "Angekana, angenishinda bila taabu," akasema taratibu. "Mama, punda wangu yuko nje, mchukue. Fedha zilizobaki sina, wallahi."

Lubaba akaiona kanzu ya fundi ilivyotiwa viraka viwikoni, na moyo wake ukalainika. Punda angetosha kulipa kuni, tanuri lingebaki.

"Haki yangu siisamehe, fundi. Muda nakuongeza, mpaka mavuno ya tende. Na siku hiyo usinitajie Shamu!"

Baraza zima likacheka, na kadhi naye.

Ndugu zangu waumini, mara nyingi tunamwambia aliyedhulumiwa "subiri", na moyoni tunamtaka anyamaze. Subira ya Lubaba ilikuwa na ulimi, na ulimi ule haukusema uongo hata ulipobanwa na njaa. Mola atujaalie subira kama hiyo, na atuepushe na kumtwisha mnyonge hasara aliyotutia mwenye nguvu.