Jina la Mfereji wa Kwemvule

Jambo la mwisho la kawaida siku ile, Sechambo aliazima chujio la chai kwa jirani yake, Bi Mkunde, akalirudisha limeoshwa. Kisha mvua ikanyesha, na barabara ya Kwemvule ikawa mto, kama kila masika.

Kila masika kila mwenye nyumba aliinua kizingiti chake kwa udongo, na maji aliyoyazuia yakaingia kwa jirani. Mwaka huo yaliangusha nyumba mbili.

Sasa wajueni watu watatu. Bi Mkunde hakusahau alichokiona. Mhina, fundi wa kuchimba, hakukosea mteremko. Sechambo, mgane wa miezi minane, akisema ndiyo ilikuwa ndiyo.

Bi Mkunde ndiye aliyeonyesha njia ya kupitisha maji. Aligonga ardhi kwa fimbo. "Mfereji wa zamani ulipita hapa. Mliufukia wenyewe mpate uwanja wa mpira, leo mnalia!"

Mhina ndiye aliyechimba. Watu walikuja msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, siku mbili, ya tatu wakaja kutazama na kucheka tu.

"Mhina, unamchimbia nyoka kaburi?"

"Nyoka huyo mwezi ujao ataingia kwako bila hodi," akajibu. Akapima mteremko kwa mpira uliojazwa maji, akachimba siku ishirini, peke yake.

Alipofika uani kwa Sechambo, akasimama. Mbele yake palikuwa na jiko la marehemu Namweri, mke wa Sechambo. Namweri alilikandika mwenyewe. Alama za vidole vyake zilikuwa bado ukutani. Pa kupindishia mfereji hapakuwepo.

"Kaka, sema wewe."

Sechambo aliutazama ukuta. "Ndiyo," akasema. "Ila nitalibomoa mimi."

Akalibomoa. Hakutaka msaidizi.

Mvua iliyofuata maji yalipita mferejini, barabara ikabaki barabara.

Kwemvule, mfereji hupewa jina la mtu mmoja tu, na jina hilo hutajwa kila mwaka watu wanapoitwa kuusafisha. Bi Mkunde hakuwa na mtoto wa kumtaja akifa, akataka jina liwe lake. Mhina alichekwa siku zote zile, akataka waliomcheka walitamke jina lake. Sechambo alitaka jina la Namweri. Uani kwake hapakuwa tena na alama ya mkono wa mkewe.

"Jina moja," mwenyekiti wa kijiji aliwaambia. "Kesho asubuhi. Mkishindwa, nitaandika langu!"

Walicheka wote isipokuwa Sechambo.

Asubuhi alifika wa kwanza ofisini. "Namweri," akasema, akaketi kwenye benchi. Bi Mkunde akaja akaketi kushoto kwake, Mhina kulia. Hakuna aliyeondoka wala kuacha dai lake. Mwenyekiti akachovya brashi kwenye rangi, akautazama ubao mtupu wa jina la mfereji.

Nanyi mliosikia, pimeni: ukimtoa mmoja wao, maji yanarudi barabarani. Je, brashi ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?