Mpira wa Sufuria na Mkeka wa Mama Paskazia

Hapo zamani, na msinicheke nikisema zamani, maana umeme ulikwisha kufika, palikuwa na maabara ya hospitali huko upande wa Kagera. Watatu walifanya kazi humo. Nyamizi alikata, Kokushubila alitia rangi, Dakta Rwegoshora alitazama. Tumfuate Kokushubila, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na siri.

Siku hiyo kililetwa kipande cha uvimbe wa titi la Mama Paskazia, msukaji wa mikeka. Kidogo kama punje ya mchele, kimezikwa ndani ya nta. Nyamizi akikate chembamba, Koku akichemshe kwenye presha kuka ili kifunguke, kisha akimwagie kingamwili, ile dawa inayomtafuta mwenzake ndani ya tishu. Ikimpata, rangi ya kahawia hutokea, na mama anaanzishiwa vidonge vya kumwokoa. Isipompata, vidonge havimfai.

Nyamizi akakata. Koku akachemsha, akamwagia, akasubiri. Dakta akainamia hadubini. Peupe!

Simu ikalia kutoka wodini. "Kikao cha madaktari ni kesho asubuhi. Andika hakuna, tuendelee."

"Siandiki," akasema Dakta. Kwenye kila kioo cha hadubini waliweka, kando ya mgonjwa, tishu ambayo haijawahi kukataa rangi. Waliiita shahidi. "Hata shahidi ni mweupe, bwana. Huyu mama hajajibu hapana. Hajaulizwa bado."

Wakafungua chupa mpya ya kingamwili. Nyamizi akakata. Koku akachemsha, akamwagia, akasubiri. Peupe tena! Wakalaumu friji, wakalaumu maji, wakalaumu saa ya ukutani. Koku peke yake aliuona mvuke ukivuja pembeni mwa kifuniko, akageuza uso.

Jumamosi ya kabla ya siku hiyo, jamani, Koku alikuwa na wageni wa posa ya mdogo wake. Mpira wa kifuniko cha presha kuka yake ulikuwa umelegea, na makande hayangoji. Akauazima mpira wa maabara, akaacha wake mahali pake. Makande yakaiva, posa ikapokelewa, mpira ukasahaulika jikoni. Na mkataba wake wa kazi ulikuwa unasubiri kusainiwa mwezi uleule.

Sasa ndani ya nta ilibaki chembe tu. Nyamizi akazima feni, akafunga mlango, akazuia pumzi. Mashine ya kukatia ikapita. Ukatoka utando ambao Koku aliuona kwa kuinamisha kichwa tu, ukajikunja, Nyamizi akaukunjua kwa brashi juu ya maji ya vuguvugu, akaupandisha kwenye kioo. Nta ilikuwa tupu. Koku hakuwahi kuona mikono ya binadamu ikifanya vile.

Akakabidhiwa kioo. Akasimama mbele ya sufuria, akakiweka kioo mezani.

"Dakta, dada Nyamizi, tusichemshe. Mpira wa kifuniko si wenyewe, mvuke unavuja, tishu haifunguki. Wenyewe uko kwangu. Niliupikia makande."

Hakuna aliyecheka. Akapanda bodaboda, akarudi na mpira unaonukia maharage, wakauosha mara tatu. Sufuria ikabana barabara. Koku akachemsha, akamwagia, akasubiri, na safari hii Dakta akamsogezea kiti atazame yeye kwanza.

Ee Mungu! Shahidi kahawia. Na pembeni yake Mama Paskazia, seli baada ya seli, mamia kwa mamia, kila moja imewasha kiini chake. Alikuwa humo muda wote. Koku alilia huku jicho limeganda kwenye hadubini, na Dakta alivua miwani.

Mama akapewa vidonge. Koku akapewa barua ya onyo, na mkataba ukawekwa kando; akabaki akifanya kazi bila saini.

Mwaka ulipopita, Mama Paskazia akaja kwa miguu yake, na mkeka begani. "Nimesuka mmoja, macho hayawezi wa pili. Mpeni aliyeniona. Ijumaa nikifuata vidonge nataka nimkute ameukalia."

Dakta akasema, "Mimi nilikataa kuandika. Ningeandika, angekwisha kuzikwa kwa saini yangu."

Nyamizi akasema, "Ungekataa mpaka leo, ungetazama nini? Mimi nilikitoa kioo pasipokuwa na kitu."

Koku akasema, "Kioo hicho kingekwenda kufa sufuriani. Ninyi mlitoa kazi yenu. Mimi nilitoa mkate wangu."

"Mlango wa huyo mama uliufunga mwenyewe, kwa makande yako!" akasema Nyamizi.

"Ndiyo. Na ni mimi niliyeufungua, hali nikijua ungenigonga usoni."

Leo ni Alhamisi, wasikilizaji wangu. Mkeka bado umekunjwa juu ya kabati, na kesho mama anakuja. Haya, semeni: akikanyaga kizingiti, amkute nani ameketi?