Fedha Zilizoingia Chunguni

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana yake ni kuwa dhiki huijua yule anayeishi nayo. Anayechungulia kutoka mlangoni huona shuka tu, kisha akashangaa kwa nini mwenzake ameamka na macho mekundu. Methali hii ilimfika barabara mama mmoja aliyejulikana kama Mama Pacha, mwaka ule fedha za msaada zilipoingia katika simu yake, na kila mtu kijijini akajua namna ya kuzitumia isipokuwa, ati, yeye mwenyewe.

Mama Pacha na mumewe waliishi ukingoni mwa kijiji katika nyumba ya udongo yenye paa la nyasi lililokwisha kuchoka. Mumewe alikuwa fundi mwashi. Mikono yake ilikuwa imejenga kuta za shule na maduka mengi ya sokoni, lakini siku moja jukwaa la ujenzi lilianguka naye, mguu wa kushoto ukavunjika na kuungika vibaya. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, akawa mtu wa kuziba nyufa za majirani na kutengeneza meko. Walijaliwa mabinti wawili waliofanana kama shilingi kwa ya pili, na kwa hao mama yao akapata jina.

Hawakuwa watu wasio na kitu kabisa. Walikuwa na shamba, urithi wa baba yake fundi, lenye udongo mweusi ulioteremka hadi kijitoni. Ajabu ni kwamba shamba hilo halikuwashibisha hata mara moja. Kila mwaka mahindi yao yalitoka mafupi na membamba kama watoto waliotoka kuugua, na mavuno yakaisha kabla hawajaanza kuyafurahia. Wapita njia walilitazama, wakatikisa vichwa, wakasema uvivu ni nusu ya kifo.

Siku ya mkutano ulioitishwa na shirika la misaada, wanakijiji walijazana katika darasa la shule, wengine wakachungulia madirishani. Binti wa shirika, mpole mwenye sauti nyembamba, alieleza kwamba kaya zilizo hoi kuliko nyingine zingetumiwa fedha moja kwa moja katika simu, mara moja sasa na mara nyingine baada ya mavuno. Hakuna mtu atakayeulizwa amenunua nini. Minong'ono ilipita darasani kama upepo katika majani makavu.

Hapo akasimama kaka mkubwa wa fundi mwashi, karani mstaafu wa mahakama aliyeitwa Bwana Tai. Alivaa tai shingoni hata akienda kununua chumvi. Waliomheshimu walisema jina lake lilitokana na vazi hilo. Waliowahi kunyang'anywa kitu naye walisema lilitokana na ndege. Alijenga hoja kwamba maskini hajui kushika fedha, kwamba mdogo wake mwenyewe alikuwa ushahidi, na kwamba ingefaa fedha zote ziwekwe mikononi mwa kamati, naye yu tayari kuwa mwenyekiti. Binti wa shirika alimshukuru, akamwambia kuwa fedha zitakwenda kwa wenyewe. Bwana Tai aliketi, uso umemshuka kama aliyelamba shubiri.

Fedha zilipoingia, ushauri nao ulimiminika. Jirani mmoja alitaka wanunue ng'ombe, mwingine pikipiki. Bwana Tai hakushauri, alikuja kuagiza. Alisimama uani, akaelekeza kidole kwenye paa na kusema kwamba nyumba ile inamvunjia heshima, na kwamba wiki hiyohiyo anataka kuona mabati. Fundi alivutiwa na wazo hilo. Kujenga nyumba za watu na kulala katika inayovuja kulikuwa kumemuuma kwa miaka mingi. Kaka yake alipoondoka, alimwambia mkewe kwamba labda kwa mara hii mkubwa amesema kweli.

Mama Pacha alikuwa akichambua mboga. Aliweka ungo chini.

"Baba watoto, mvua za kwanza zikinyesha, mimi huwa wapi?"

"Kwa Mama Trekta, kwenye yale mashamba yake makubwa, unapanda kibarua."

"Kwa nini nisipande kwetu?"

"Kwa sababu ndani hakuna unga. Ukikosa ujira wa siku, watoto wanalala njaa."

"Na shamba letu hupandwa lini?"

Fundi alisita. "Akishamaliza kupanda lake."

"Basi hapo ndipo tunapoliwa," alisema Mama Pacha. "Mvua nzuri yote naipandia mahindi ya mwingine. Nikirudi kwetu, mvua inaaga. Tunavuna makapi, tunakula mara moja tu yamekwisha, halafu nakimbilia tena kibarua. Mwaka huu sitaki bati. Nataka chakula ndani mpaka nimalize kupanda, na mbegu nzuri. Nataka nishinde shambani kwangu siku mvua inapoanza."

"Watasema tumekula msaada."

"Waseme. Maneno yao hayajawahi kunishibisha, hayawezi kunivimbisha leo."

Fundi alicheka bila kutaka. Aliyajua yote hayo, lakini hakuwa amewahi kuyasikia yakipangwa namna ile, moja baada ya jingine kama matofali. Kisha akauliza ni mbegu ya aina gani.

Mkokoteni uliingia kijijini mchana kweupe ukiwa umesheheni magunia ya unga na maharage, dumu la mafuta, mbegu na mbolea. Kijiji kikapata cha kutafuna. Bombani wanawake walinyamaza Mama Pacha alipofika, na alipoondoka kicheko kikamsindikiza. Wengine waliuliza kwa sauti kama fedha za msaada huwa tamu zikiungwa kwa mafuta. Mama Pacha alijikaza kisabuni, akabeba ndoo yake.

Bwana Tai hakucheka. Alikuja na hasira, akamwita mdogo wake mbele ya watoto na kumtangazia kwamba ukoo umechoka. Baada ya mavuno angeitisha kikao. Shamba la baba yao likitoa makapi kama miaka yote, angelichukua na kumkodishia Mama Trekta, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akilimezea mate kwa sababu ya kile kijito. Fundi, aliyelelewa kumheshimu mkubwa wake, alijibu tu, "Sawa, kaka." Usiku ule chakula kilikuwa tele, lakini yeye hakula.

Mvua ilipoanza, msimamizi wa Mama Trekta alipita na lori akikusanya vibarua. Alisimama mbele ya nyumba yao, akapiga honi, akasema ujira wa mwaka huo umeongezwa.

"Mwambie mama nashukuru," alisema Mama Pacha, jembe begani. "Nimeshapata kibarua."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Walipanda kwa udi na uvumba. Fundi alitoboa mashimo kwa ncha ya mkongojo wake, kwa mistari iliyonyooka kama ya ukuta. Mkewe akafuata na mbolea na mbegu. Na pacha, kabla ya kwenda shule, wakafukia kwa miguu. Nyumbani, mvua iliingia ndani kama mwenye nyumba. Sufuria zilitandazwa sakafuni kukinga matone, na kitanda kilihamishwa pembe hadi pembe. Bwana Tai alipita na mwavuli, akaangalia ndani na kusema kwamba maji yale yangezuiliwa kwa mabati. Mama Pacha alimjibu kwa adabu kwamba maji yale alikuwa akiyangoja kwa miaka.

Mahindi yalipofika magotini yakiwa ya kijani kibichi, vicheko vilipungua. Yalipompita fundi kimo, vikaisha. Ndipo mvua ilipokatika ghafla, mapema kuliko kawaida. Jua liliwaka bila huruma. Mashamba ya waliochelewa yalijikunja, majani yakanyauka na kulia chakarachakara. Kila asubuhi Mama Pacha alikwenda kuminya mahindi yake kwa vidole, asimwambie mtu anachoogopa. Siku moja alirudi mbio. Fundi alipomwona, alidhani shamba limeungua. Mkewe alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, hindi mkononi, amelimenya: punje zilikuwa zimejipanga zote, ngumu na nzito. Jua lilikuwa limechelewa. Mahindi yao yalikuwa yameshakunywa ya kutosha.

Siku ya kikao Bwana Tai alifika na wazee wawili wa ukoo. Walikaribishwa ndani, lakini mahali pa kukaa hapakuwapo. Mahindi yalikuwa yamerundikwa chumbani, ukumbini, hata juu ya kitanda. Wazee waliketi juu ya magunia. Bwana Tai alibaki wima. Aliuliza kama mahindi yale yamenunuliwa kwa fedha za msaada ili kuwafumba macho.

Fundi alisimama, akaegemea mkongojo. Mkewe hakuwahi kumwona akimtazama kaka yake usoni namna ile.

"Kaka, miaka yote hii umeniita mvivu na mke wangu mjinga. Hata siku moja ulituuliza wakati wa kupanda mama huyu huwa wapi?"

Fundi alieleza yote, kibarua na njaa na mvua inayoaga, kama alivyoelezwa na mkewe siku ile ya mboga. Wazee walisikiliza. Mmoja wao aliokota hindi, akalipima kiganjani, akasema kwamba kwa upande wake kikao kimekwisha, na shamba halitoki mikononi mwa waliolilima. Mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Wiki chache baadaye fedha za awamu ya pili ziliingia. Bwana Tai alisikia, akaja. Mama Pacha alimwekea kiti uani, akajiandaa kwa amri nyingine. Shemeji yake alikohoa, akatazama chini, kisha akauliza kwa sauti ambayo hakuna aliyemzoea nayo, "Shemeji, ninyi hasa mnahitaji nini?"

Katika maisha yake yote ya dhiki, Mama Pacha alikuwa ameshauriwa, amehurumiwa, ameamrishwa na kuchekwa, lakini swali hilo lilikuwa geni masikioni mwake.

"Ghala, shemeji," alisema. "La matofali, lisiloingiza panya wala maji. Tukiwa na pa kuhifadhia, hatutauza mahindi yetu kwa bei ya kutupa wakati kila mtu anauza."

"Sikuwaza hilo," alisema Bwana Tai.

Kesho yake fundi mwashi alichora msingi kwa kamba na vigingi. Alijenga akiwa amekaa, amesimama, amepiga goti moja, ukuta wa kwanza aliowahi kujijengea mwenyewe, huku pacha wakikoroga udongo na kaka yake mkubwa akimpokeza matofali, moja baada ya jingine, bila ya kumwelekeza hata mara moja pa kuliweka. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.