Jina la Mtoto wa Tusekile

Sogeeni karibu, nina kesi ambayo wenyewe walishindwa kuikata.

Katika kijiji cha Nsisi, mlima unaposhuka wima hadi Ziwa Nyasa, walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Lugano, mwashi, alikuwa akiweka sikio juu ya jiwe na kukwambia kilichoko upande wa pili. Bibi Subilaga aliwapikia wachimbaji wa makaa ya mawe tangu usichana wake hadi mgodi ulipofungwa. Aliwabebea uji mahandakini, akayajua yote kama vyumba vya nyumba yake. Na Ambakisye alikuwa mzamiaji. Nyavu zikinaswa na mawe chini ya ziwa, aliitwa yeye.

Mgeni akifika Nsisi husifu maji ya buluu na migomba. Wenyeji wanajua kuwa mlima ule ni mtupu ndani, na hakuna anayepiga mluzi karibu na mahandaki.

Adhuhuri moja Tusekile, mjamzito wa miezi saba, alikuwa akitoka kutafuta kuni. Mvua kubwa ikamkuta njiani. Akatua mzigo, akakimbilia ndani ya handaki la zamani. Hajapata hata kujifuta uso, mlima ukanguruma, udongo ukaporomoka, mlango ukazibwa. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kichwa kikawa kizito, akataka kukaa.

"Usikae, dada," sauti ya mwanamume ilisema karibu yake. "Hewa mbaya inalala chini."

Mkono ukaushika wake. Ulikuwa wa baridi, na vidole vyake vilikuwa vitatu tu. Tusekile alidhani ni mtu mwingine aliyekimbia mvua, akamfuata gizani, wakiteremka, hadi maji yakamfika magotini.

"Subiri hapa. Watakuja kwa njia ya maji."

Huko nje, Ipyana, mume wake, alikuwa ameuona mzigo wa kuni kando ya maporomoko. Watu walichimba mpaka wakakata tamaa. Ndipo Lugano akalaza sikio kwenye mwamba, akawanyamazisha wote. "Kuna anayegonga! Mara tatu, kisha mara mbili. Lakini si huku. Ni chini, upande wa ziwa."

Bibi Subilaga akasema, "Kule kuna mfereji uliokuwa ukitoa maji ya mgodi. Mdomo wake umemezwa na ziwa, chini ya lile jiwe jeusi."

Ambakisye akazama. Mara ya kwanza aliibuka mikono mitupu. Mara ya pili aliibuka damu ikimtoka puani, na Ipyana akamsihi aache. Mara ya tatu aliibuka na Tusekile, akiwa hai.

Wakamkalisha karibu na moto. Alipopata nguvu aliuliza, "Na yule mwingine je?"

"Mwingine yupi?" Ambakisye alishangaa. "Nilikukuta peke yako."

"Aliyenishika mkono."

"Pole, mama, umechoka," Lugano alisema. "Bahati yako ulijua kugonga."

"Mimi sikugonga. Mkono mmoja nilishikia tumbo. Wa pili alikuwa ameushika yeye."

Bibi Subilaga alikuwa akimkorogea uji. Mwiko ukasimama. "Vidole vyake vilikuwa vingapi, mwanangu?"

"Vitatu."

"Basi ni Anyosisye, yule mchimbaji," bibi alisema taratibu. "Dari lilimwangukia mwaka ule mgodi ulipofungwa. Wakubwa wa mgodi waliondoka bila kumtoa. Hatukumzika."

Tusekile aliutazama mkono wake, akauficha ndani ya kanga.

Miezi miwili baadaye alijifungua binti. Desturi ya Nsisi ni kwamba aliyenusuru maisha ya mtoto ndiye ambaye mtoto hupewa jina lake, naye huwa mzazi wake wa pili. Na jina ni moja, nalo mama hulitamka mlangoni kabla jua halijatua.

"Nisingesikia, mngekuwa bado mnachimba kusiko," alisema Lugano.

"Na ungesikia ukafanya nini, bila njia?" alisema Bibi Subilaga. Hakuwa na mtoto wala mjukuu.

"Njia mliijua, lakini aliyeingia ni nani?" aliuliza Ambakisye.

Tusekile akasema kwa sauti ndogo, "Nisingesimamishwa, mngetoa maiti mbili."

"Mke wangu, usimwite mwanetu kwa jina la mtu asiye na kaburi," Ipyana alimwomba. "Akija kumdai je?"

"Na tukimnyima je?" Tusekile alijibu. "Huyo hana mtu wa kumtaja."

Sasa jua linateremka, mtoto amebebwa hadi mlangoni, na wote wanamtazama mama mdomoni. Lugano, Subilaga, Ambakisye, au Anyosisye? Haya, ninyi mlionisikiliza: kama mtoto angekuwa mikononi mwenu, mngemwita nani?