Kamba ya Aliyetaja Uzito

Mwanamke mmoja alikuwa na mwiko mrefu kuliko yeye mwenyewe. Jina lake Nyamizi. Mwiko ule wa mti wa mninga aliurithi kwa mama yake, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusonga ugali wa msibani. Katika kijiji kile, mtu akifariki, kabla hata kaburi halijaanza kuchimbwa, watu waliulizana kama Nyamizi amepewa habari. Sufuria la watu mia tatu halisongwi na mkono wowote tu. Yeye alipanda juu ya kigoda, akashika mwiko kwa mikono miwili, akausonga unga mpaka ukaiva, jasho likimtiririka, wala hakutia tonge kinywani mpaka mfiwa wa mwisho ameshiba. Chakula chake yeye kilikuwa ukoko uliobaki sufuriani.

Alikuwa mnene. Nalitaja neno hilo waziwazi, maana kijijini kwake halikuwa tusi. Alikuwa na mabega mapana na mikono mizito, na nyonga alizozichukua kwa mama yake pamoja na mwiko. Kijiji kizima kilikula kwa nguvu za mwili ule miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuuona una kasoro.

Sasa, mwendo wa saa tatu kutoka hapo palikuwa na mnada wa ng'ombe kila Jumatano, na mnadani hapo alikuwapo mtu aitwaye Luhende. Huyu alikuwa na jicho. Akimtazama ng'ombe mara moja anakutajia kilo zake, na mizani ikija kupima inakuta amekosea kilo mbili au tatu tu. Watu walimheshimu kwa jicho hilo, naye alijiheshimu zaidi.

Lakini mnada ule ulikuwa na desturi, nanyi ishikeni vizuri, kwa sababu ndiyo itakayohukumu mambo haya. Zamani walanguzi walipita zizini wakitaja ovyo uzito wa wanyama wa watu, wakamharibia mtu jina la ng'ombe wake, kisha wakaenda zao. Wenye mifugo walipochoka waliweka neno: anayetaja uzito hushika kamba. Ukishautaja kwa sauti, mwenye mnyama anakukabidhi kamba yake, na mnyama yule utamlisha na kumnywesha wewe mpaka mnada ujao, ndipo apandishwe kwenye mizani. Akikonda mikononi mwako, mdomo wako umefungwa, na hutataja tena uzito wa kiumbe chochote mahali pale. Ndiyo maana Luhende, akiwa mnadani, alikuwa mtu wa maneno machache.

Mtandaoni hakuna kamba.

Siku moja palikuwa na msiba wa bibi wa miaka tisini. Mmoja wa waombolezaji, akiwa ameshakula na kunawa, alimpiga Nyamizi picha kwa nyuma alipokuwa ameinamia sufuria, kanga imembana na kigoda kimepotelea chini ya miguu yake. Aliirusha mtandaoni bila jina. Luhende aliiona akiwa amejinyoosha mkekani baada ya chakula cha mchana. Hakumjua mwanamke yule, hakujua ni msiba wa nani, wala hakuulizwa na mtu. Aliandika: "Kilo mia na kumi na saba, bila pembe." Akaweka simu chini, akalala.

Alipoamka, watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wameandika chini yake. Mmoja alikuwa ameuliza kama wafiwa walibakiziwa chochote. Mwingine alikuwa amekipa pole kigoda. Wengine walijifanya matabibu, wakamwonya kuhusu moyo na sukari, kana kwamba waliwahi kumjulia hali hata siku moja. Hao ndio wanaonichefua kuliko wote, kwa sababu tusi lao walilivalisha koti jeupe na wakataka washukuriwe.

Kabula, jirani wa Nyamizi na mwenzake wa jikoni, aliificha habari ile siku mbili. Siku ya tatu alimwonyesha mwenyewe, akihofia asije akaisikia kisimani. Nyamizi alikaa kizingitini akasoma yote, moja baada ya jingine. Neno la Luhende halikumuumiza sana, maana hakumjua. Majina yaliyofuata ndiyo yaliyomuumiza. Palikuwa na mtu ambaye Nyamizi alimsongea ugali alipozika mama yake, na mwingine alipozika mtoto. Yule aliyeuliza kama wafiwa walibakiziwa alikuwa mjukuu wa marehemu mwenyewe, na siku ile Nyamizi alikuwa amempakulia mara mbili.

Aliutundika mwiko ukutani. Akaanza kula akiwa nyuma ya mlango, kisha akala nusu sahani, kisha akawa anakunywa maji na kusema ameshiba. Ulipotokea msiba mwingine Kabula alikuja kumwita, naye akajibu kwamba watu watafutiwe mwingine wa kumtazama. Ugali wa siku ile ulikuwa mbichi juu na umeungua chini. Wazikaji waliorudi kutoka makaburini walibaki na njaa, wakanung'unika kwamba Nyamizi siku hizi anaringa. Walionung'unika ni wale wale walioandika, wakishika tonge kwa vidole vile vile. Nasema hivi na bado hasira inanipanda.

Haukupita mwezi Nyamizi akaanguka penye rundo la kuni. Kabula alimwinua, na wepesi wake ukamtisha hata akalia. Katika kulia kwake akamweleza alichokisikia, kwamba aliyeanza yote yale ni Luhende, yule mkadiriaji wa mnadani. Baba yake Nyamizi alikuwa mtu wa ng'ombe, naye mwenyewe alikulia zizini. Desturi ya mnada aliijua kabla hajajua kusoma. Jumatano asubuhi alifungua kamba ya mbuzi wake, akaizungusha mkononi, akashika njia. Mwendo wa saa tatu ulimchukua saa tano.

Alisimama foleni katikati ya ng'ombe, akisogea wanaposogea. Waliomtambua walianza kugongana viwiko. Zamu yake ilipofika, alimwendea Luhende na kumwekea kamba kiganjani.

"Ulitaja uzito wangu mbele za watu, kisha ukaniacha na njaa," alimwambia. "Shika kamba."

Luhende alicheka, akageuka kuwatafuta wa kucheka naye. Katika umati ule hawakupungua arobaini walioandika siku ile, na hakuna aliyemtazama usoni. Mmoja wao alikuwa ameinama akikagua kwato za ng'ombe asiye wake. Basi Luhende akaanza kujitetea. Alisema ulikuwa utani, kwamba hakumjua mama huyu, kwamba picha hakuipiga yeye, na kwamba hakuandika peke yake. Yote manne yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomrudishia Nyamizi tonge lake.

Mtu mmoja nyuma alipaza sauti akitaka mama apandishwe kwenye mizani, ijulikane kama Luhende alikosea. Hata leo wako watu wanaodhani swali lilikuwa hilo. Tuseme alipatia, asikosee hata robo kilo. Nani alimtuma? Mwili wa mtu aliyesimama kwenye moto wa msiba uliletwa lini mnadani?

Mwenyekiti wa mnada, mtu wa makamo asiye na papara, aliitazama kanga ya Nyamizi iliyokuwa sasa inamzunguka mara mbili. Alimuuliza Luhende swali moja tu, kama alitaja uzito au hakutaja. Luhende alikiri kwamba alitaja. Mwenyekiti akasema kwamba desturi yao inamfunga anayetaja, na haijawahi kuuliza aliyetajwa ni nani. Na kwamba aliyetajwa amekonda, kila mwenye macho anaona. Basi mdomo wa Luhende umefungwa. Tangu siku ile hakuna mwenye ng'ombe aliyemwita tena zizini kwake, na lile jicho lake halikumfaa kitu.

Luhende aliiacha kamba ikaanguka kwenye mavi ya ng'ombe, akaondoka. Wanawake wawili walimsogelea Nyamizi kwa sauti za huruma, wakamuuliza kama unene wake ule ulitokana na ugonjwa fulani, ili nao wajue namna ya kumsamehe. Hakuwa na ugonjwa wa kuwapa. Aliwaambia kwamba yeye ni mnene kama alivyokuwa mama yake, akaiokota kamba, akaifunga kwenye nguzo ya lango la zizi, akarudi kwao.

Msidhani alipona siku ile. Ilimchukua miezi kula mlango ukiwa wazi. Lakini ulipotokea msiba uliofuata, Kabula akiwa bado anatafuta namna ya kumwita, alimwona anakuja mwenyewe, mwiko begani. Alipanda juu ya kigoda akasonga ugali wa watu mia mbili na hamsini, ukaiva. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka yote kumi na tisa. Kabla hajampakulia mtu yeyote, alijipakulia yeye kwanza. Alikaa juu ya kigoda mbele ya wote, akala polepole mpaka akashiba, nao walisubiri, na mjukuu wa yule bibi alikuwa miongoni mwao na sahani tupu mkononi.

Kamba ile ingali imefungwa langoni. Kiganja cha Luhende iliwahi angalau kukigusa, lakini walioandika walikuwa mia nne na kumi na wawili, na waliocheka bila kuandika hawana idadi. Nawe uliyetabasamu kidogo tu, ukampelekea mwenzako naye atabasamu, siku mwenye mwili wake atakapokuja na kamba mkononi, utanyoosha mkono uipokee, au utainama ukague kwato za ng'ombe wa watu?