Uzio wa Masale

Wapendwa, nina habari ya ndugu wawili wa tumbo moja, wa huku huku kwetu mlimani. Kihamba chao, ile migomba ya urithi, kilikuwa kimoja, baba yao akakigawa katikati kabla hajafa. Msinitafutie majina. Ukiona unamnong'oneza jirani yako, "Huyo ni fulani," jua fulani huyo ni wewe.

Waligombana siku ya Krismasi, kwa ajili ya nyama. Mnacheka? Mdogo ndiye aliyechinja, akampa mgeni wake wa mjini fungu ambalo kwa mila yao lilikuwa la kaka mkubwa. Kaka akasimama mbele ya wageni wote akasema, "Kuanzia leo mimi sina mdogo." Kesho yake asubuhi alikata vijiti vya sale, akavichomeka mpakani, akakiziba kile kinjia ambacho wake zao walipita kuombana chumvi.

Sale mnalijua. Halihitaji kubembelezwa. Ukilichomeka chini ya migomba, penye kivuli na ukungu, linaota. Tunaliweka mpakani na makaburini, na likitoa yale maua yake meupe, jioni ua mzima unanukia. Lakini kubwa kuliko yote, sale ndilo msamaha wetu. Aliyekosa huchuma jani, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea. Na jani la sale halikataliwi, hata kama moyo bado unauma.

Basi kaka akakaa kungoja jani. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano. Uzio ukanawiri hadi watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kumwomba majani na vijiti vya kupanda. Mke na mume walipatana kwa majani yake. Baba na bintiye walipatana kwa majani yake. Bibi mmoja aliyekuja kuomba jani alimtazama, akamwuliza, "Na lako, mwanangu, utalichuma lini?"

"Mimi ndiye niliyekosewa, mama," akajibu. "Nangoja la kwangu."

Na jamani, alikuwa na hamu na mdogo wake! Yule mdogo alikuwa na kicheko cha kupasuka, kikianza hakizuiliki. Kikivuka uzio, kaka alishusha panga akasikiliza. Kisha akajifanya anapogoa.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "si umepogoa jana?"

"Yanakua haraka," akasema, na macho yake akayageuzia upande mwingine.

Mwaka wa kumi na mbili, kicheko kilinyamaza. Wiki nzima, kimya. Siku ya nane akamwona shemeji yake anaingia kwa njia ya barabarani, kanga kichwani. Moyo wa kaka ukaruka. Limekuja, akajisemea.

Mikono ya shemeji ilikuwa mitupu. "Shemeji, nimetumwa," akasema. "Naomba jani moja la sale."

"La sale? Uzio si wetu sote? Chumeni upande wenu."

"Upande wetu hayapo," akasema yule mama. "Ameyamaliza. Kila Jumapili, miaka yote hii, anachuma jani, analifunga fundo, anafika hapo kwenye kona ya barabara, anarudi. Anasema, kaka alishatamka kuwa hana mdogo, nitabisha hodi kama nani? Sasa hawezi kuinuka. Amesema nije kuchuma kwako, nikukabidhi hapo hapo."

Kaka alichuma jani mwenyewe. Alilifunga fundo mwenyewe, akakimbia. Alipofika upande wa pili akauona uzio wake kwa mara ya kwanza: vijiti vitupu, na chini yake lundo la majani makavu, kila moja na fundo lake. Aliingia ndani akamwekea mdogo wake jani mkononi. "Nipokee," akasema. "Mimi ndiye niliyekosa."

Mdogo alilipokea. Alilibana kifuani, machozi yakamtoka, midomo ikacheza. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuchukua sauti. Walipatana, namshukuru Mungu. Ila kile kicheko, kaka hakukisikia tena mpaka anazikwa mdogo wake.

Sasa sisi. Sisi ambao uzio wetu ni wa kijani, tunaousifu na kuwagawia wengine majani, hata mimi ninayehubiri. Ni nani kati yetu amewahi kuzunguka akaona upande wa pili? Unajuaje kwamba unayemngojea hajafika kwenye kona mara mia sita?

Hapo nje akina mama wamelizungushia kanisa masale mazuri sana, na mzee wa kanisa ameweka kibao: Usichume. Leo nimeking'oa. Tukitoka, kila mtu achume. Jumapili ijayo nikikuta vijiti vitupu, nitajua mmenisikia.