Njia ya Kwakoko

Njia ya akiba hufyekwa kiangazi. Mmeusikia msemo huu asubuhi hii kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkanuna, mkaanza kuulizana kwa nini mtokwe jasho kwa ajili ya barabara ambayo lori hupita mara moja kwa mwezi. Haya, wekeni mapanga chini mnywe maji. Msemo huo haukudondoka na mvua. Ulitoka kinywani mwa mtu, tena mtu mwenye uchungu, na chanzo chake ni hiki.

Miaka hiyo Vumeni yetu ilikuwa na tangawizi nyingi kuliko magari ya kuibeba. Lori lilipanda mlima tupu kufuata mzigo. Siku nyingine likakuta watu hawajachimba, siku nyingine likakuta tangawizi imelala kando ya barabara mpaka imeota ukungu. Kituo cha afya nacho kilikuwa na balaa lake: dawa hii imekwisha, ile imejaa kabatini mpaka imepitwa na muda. Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Eliapenda Mgonja, mtu mrefu, mpole, asiyependa kugombana na yeyote. Ndiye aliyekubali ushirika utumie akili mnemba, ile mashine yenye kufikiri, iliyokaa kwenye kompyuta ya karani wao, binti mmoja jina lake Penieli.

Na msinianzie maneno yenu ya mitandaoni kwamba mashine ilileta mkosi. Mashine ilifanya kazi! Ilifuatilia mvua, ikafuatilia soko, ikajua shamba la nani liko tayari na la nani bado. Ikapanga lori lipande na dawa za kituo, lishuke na tangawizi, lisitembee tupu hata safari moja. Mafuta yakapungua, mzigo ukaacha kuoza. Dawa zikawa zinaletwa kidogo kidogo, za kutosha mpaka safari inayofuata, wala hazikutupwa tena shimoni.

Kwa Eliapenda jambo hilo lilikuwa la ndani ya nyumba yake. Mkewe, Navoneiwa, alikuwa na sukari, ile ya kuchoma sindano kila siku ya Mungu. Zamani alikuwa akiifuata dawa wilayani, anarudi miguu imevimba. Sasa dawa ilimfuata yeye kule juu. Eliapenda alikuwa akimtazama mkewe anavyopalilia maharage huku akiimba, anashukuru moyoni.

Sasa, barabara za kupanda huku zilikuwa mbili. Kuna ile ya lami, fupi, na kuna hii ya Kwakoko, inayozunguka mlima na kuvuka korongo kwa daraja la magogo. Mashine ilipoulizwa njia isiyokula mafuta, ikachagua lami, na ilisema kweli. Magari yakaiacha Kwakoko. Na desturi yetu mnaijua: msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, unaifuata njia inayopitisha mzigo. Lori likiacha kupita, watu nao wanarudisha mapanga darini. Majani yakaota, miti ikaanguka njiani, magogo ya daraja yakaoza, na hakuna aliyejisumbua.

Kukawa na desturi nyingine, ambayo nyinyi hamkuikuta. Kiangazi kikielekea ukingoni, watu walikaa kikao cha kufungua msimu. Mzee Kisaka aliubariki msimu kwa kunyunyiza maji, na tangu hapo hadi mzigo wa kwanza ushuke mlima, ilikuwa mwiko mtu kutaja balaa. Usiseme mafuriko, usiseme wadudu, usiseme ajali. Kutaja ni kuita. Watu waliishika desturi hiyo sawasawa, na Eliapenda alikuwa miongoni mwao.

Mwaka huo Penieli akafungua kompyuta mbele ya kikao, maji ya baraka hayajakauka, ili mpango upitishwe. Kabla ya kutoa mpango, mashine ikauliza swali. Penieli akalisoma kwa sauti kama alivyozoea.

"Inauliza, ipange pia kwa siku ambayo barabara ya lami itakatika? Ikipanga hivyo, itataka daraja la Kwakoko litengenezwe sasa, gari moja lipite huko kila mwezi, na kituo kiweke dawa za akiba kabla ya masika."

Watu wakaguna. Mzee Kisaka akasimama, akainyooshea kompyuta fimbo.

"Kifunge kinywa kitu hicho! Nimebariki sasa hivi, nacho kinatuitia maafa?"

"Mzee, kimeuliza tu," Penieli akasema.

"Na wewe kijibu tu. Mwenyekiti, sema!"

Eliapenda akawatazama wazee, akamtazama Penieli. Alijua swali lile lina maana. Lakini kumwaibisha Mzee Kisaka mbele ya watu, siku kama ile, hakuweza.

"Andika hapana," akasema.

Jioni, akiwa mezani, akamsimulia mkewe. Navoneiwa akaacha kula.

"Baba Kanaeli, dawa yangu inapita kwenye lami hiyo."

"Najua. Mzigo wa kwanza ukishuka, mwiko unaondoka, nitamwambia Penieli abadilishe."

"Kwa hiyo mvua ingoje mzigo wako?" Navoneiwa akacheka kidogo, lakini hakuwa na furaha. "Wewe huogopi balaa, mume wangu. Unamwogopa Mzee Kisaka."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Eliapenda alijua.

Masika mwaka ule yaliwahi. Tangawizi ya kwanza ilikuwa bado inaoshwa pale mlima ulipomeguka, ukaibeba lami pamoja na kingo zake na kuitupa bondeni. Lori la dawa lilikuwa njiani kupanda. Dereva akageuza, akaenda kujaribu Kwakoko. Akakuta magugu yamemzidi kimo, na mbele yake korongo limefurika maji mekundu, daraja limesombwa. Si gari wala mtu kwa miguu aliyeweza kuvuka. Wilayani wakasema watatuma kile kindege kisicho na rubani, ukungu ukakizuia.

Hapo ndipo watu walipokimbilia mapanga. Huku wanafyeka, ng'ambo wanafyeka, mvua inawapiga mgongoni. Waliangusha miti kwa ajili ya magogo, na kila walipolaza gogo, maji yalilichukua. Mzee Kisaka mwenyewe alikuwepo, analia waziwazi, anavuta kamba pamoja na vijana.

Nyumbani, Navoneiwa alikuwa akipunguza dawa. Alichoma nusu, kisha nusu ya nusu, kisha chupa ikawa kavu. Kituo hakikuwa na hata tone. Muuguzi alifanya alivyoweza, akamtundikia maji, akabaki anamshika mkono. Kiu ikamzidi mgonjwa, pumzi ikawa nzito. Eliapenda alikuwa anakimbia korongoni kubeba magogo, anarudi kumtazama mkewe, anakimbia tena, na kila alipokuwa upande mmoja moyo wake ulikuwa upande wa pili.

"Nisamehe," alimwambia.

"Kaa," Navoneiwa akasema. "Usiende tena huko. Kaa na mimi."

Akakaa. Navoneiwa akafa alfajiri, na gogo la mwisho likalazwa siku hiyohiyo, jua likiwa limeanza kutoka. Dereva akavuka kwa miguu na kasha la dawa kichwani, akaja mbio hadi nyumbani kwa mwenyekiti. Akakuta wanawake wamekaa chini na moto wa msiba umewashwa. Eliapenda akalipokea kasha lile kwa mikono miwili, akalishika kwa muda, kisha akamrudishia.

"Peleka kituoni," akasema. "Kuna wengine."

Baada ya mazishi watu wakaanza kupayuka. Mashine imeua! Ndiyo iliyotutoa Kwakoko, ndiyo iliyotaja balaa mpaka likaja. Vijana wakataka kompyuta iletwe ivunjwe palepale. Wakamzonga Penieli ailete. Eliapenda akainuka kwenye mkeka.

"Mwacheni binti wa watu. Mashine iliniuliza mbele yenu. Mliisikia wote. Mimi ndiye niliyesema hapana."

Mzee Kisaka akavua kofia yake. "Usiubebe peke yako," akasema. "Mimi ndiye niliyekufunga mdomo."

Kwenye kiangazi kilichofuata, lami ilikuwa imejengwa upya, nzuri kuliko ya kwanza. Ushirika ukarudi kwenye swali lile, na safari hii Penieli akaandika ndiyo. Mashine ikapanga kama ilivyotaka kupanga tangu mwanzo, pamoja na lori la Kwakoko la kila mwezi na dawa za akiba. Lakini mashine haina mikono ya kushika panga, na watu, ah, watu husahau upesi. Siku ya msaragambo wa Kwakoko ikafika, Eliapenda akawa peke yake njiani, anafyeka.

Kundi la vijana wakapita wakielekea sokoni. Mmoja, mwenye mdomo kama yenu hiyo, akamtania: "Mwenyekiti, lami imerudi! Huku unamfyekea nani? Mama hayupo tena."

Eliapenda akanyoosha mgongo. Hakukasirika.

"Wangu hayupo tena, kweli," akasema. "Namfyekea mama yako. Njia ya akiba hufyekwa kiangazi. Sisi tuliifyeka masika, na mliona tulichopata."

Yule kijana akaangalia chini. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na panga, na wenzake nyuma yake, na mwisho akaja Mzee Kisaka akijikongoja na jembe lake.

Basi ndiyo hiyo. Maji mmekunywa, jua bado ni la asubuhi, na daraja liko mbele pale. Njia ya akiba hufyekwa kiangazi.